Brody Amesema kwa Mdomo Wake

Kaka Fidele,

Amesema.

Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla hata hujanisalimia. Brody amesema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya timu yake, mbele ya timu yetu na refa. Kisha akaja nyumbani Penrith akayarudia mbele ya Mama. Sikumpiga. Sikumgusa hata kwa kidole. Lakini nimemfikisha hapo mimi, na nataka ujue nilivyomfikisha, maana wewe uliondoka katikati ya kombe na hukuona lilivyoishia.

Nianzie pale ulipokomea.

Ulikuwa mkondo wa kwanza wa nusu fainali, kwao. Unakumbuka uwanja wenyewe, mabati na nyasi kavu, watazamaji wameachana viti kama tulivyoamriwa, barakoa ziko kidevuni. Daraja la pili, hakuna televisheni, hakuna kamera hata moja. Mama aliwahi kukuuliza ni mchezo gani huu, ukamjibu: pikipiki isiyo na breki, gia moja tu, watu wanne wanakimbizana kuelekea kushoto mizunguko minne, basi. Akasema, "Na hilo ndilo tulilotoka kambini Kigoma kuja kulifanya Australia?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nalikumbuka lile cheko zaidi ya mambo mengi makubwa uliyowahi kuniambia.

Mbio ya mwisho ya siku ile, Brody alikuwa mbele yako, upande wa ndani. Wewe ukachukua njia yako ya siku zote, ile ndefu ya nje, karibu na ukuta, kwenye udongo laini uliokuwa unaupenda. Ulikuwa unampita. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya kona ya tatu, spana ya pikipiki yako ingali mkononi, na nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele za ushindi.

Aligeuka, Fidele. Aligeuza shingo juu ya bega la kulia, akakuona ulipo, akarudisha macho mbele. Ndipo akaacha mstari wake akaja nje. Kwa utaratibu huo. Kwanza macho, kisha pikipiki. Gurudumu lake la nyuma likapiga la kwako la mbele, na ukuta ukawa hauna pa kwenda ila kukupokea.

Taa nyekundu ziliwaka. Refa alikuwa juu kwenye kibanda chake na vumbi lilikuwa limesimama katikati yake na kona ile. Wewe ulikuwa bado uko chini, watu wa huduma ya kwanza wanakukatia mkanda wa helmeti, na kipaza sauti kikatangaza kwamba aliyeanguka ndiye aliyesababisha mbio kusimama, kwa hiyo ameondolewa. Ameondolewa. Jina lako likasomwa hivyo wakati hujitambui. Brody akazunguka taratibu akarudi kwa wenzake na nikamsikia akimwambia nahodha wao, Dale, "Pikipiki imemshinda mwenyewe."

Nilipiga kelele. "Aligeuka! Alimwona!" Mzee mmoja wa kwao akanishika bega akaniambia nitulie, nina mshtuko. Nilikuwa na mshtuko, ndiyo. Macho yangu hayakuwa na tatizo lolote.

Wiki hiyohiyo Sydney ikafungwa kwa korona. Nadhani hukuwahi kuelewa kwa nini hatukuja, na hilo ndilo linaloniuma kupita yote. Hospitali ilikataa wageni. Polisi walikuwa barabarani, na sisi wa magharibi ya mji ndio tuliobanwa zaidi ya wote, helikopta juu ya nyumba kama tumeiba kitu. Mimi nilikuwa na kibali cha kutoka kwa sababu ya kazi. Kila asubuhi nilivaa gauni la plastiki na barakoa mbili nikaenda kuwalisha wazee wa watu, kuwageuza, kuwashika mkono wakati wao wa mwisho ili wasife peke yao. Wazee nisiowajua. Na wewe, kaka yangu wa tumbo moja, mkono wako ulishikwa na nesi ambaye hata jina lake hatukulipata, simu katika mkono wake mwingine ili Mama akuimbie. Mama aliimba beti zote. Nesi alilia, tulimwona. Wewe hukufumbua macho.

Tulikuzika watu kumi, ndio ulikuwa mwisho wa idadi. Wengine walitazama kwenye simu. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na kulala chini sebuleni, hakukuwa na wanaume wa kukaa uani usiku kucha wakipiga stori zako. Akina mama wa kanisani waliacha masufuria ya chakula getini, wakarudi kwenye magari yao, wakatupungia mkono kupitia kioo. Mama alisimama dirishani akiwapungia pia. Nyumba ilikuwa kimya mno kwa msiba wako.

Timu ya Brody ilituma maua na kadi imeandikwa "ajali mbaya". Nikayatia kwenye pipa la taka. Mama akayatoa, akayasuuza, akayaweka kwenye maji. "Espe," akaniambia, "huyo kijana mwachie Mungu."

Nikamjibu, "Mungu nakuachia wewe, Mama. Brody niachie mimi."

Hakunigombeza. Tangu siku hiyo akawa ananiombea kwa sauti, makusudi nisikie.

Niandike wazi, maana kwako sina sababu ya kujipamba. Nilimtaka ukutani. Sikutaka aombe radhi, sikutaka afungiwe, sikutaka ajute. Nilitaka asikie mbao za ukuta zikivunjika nyuma ya mgongo wake kama ulivyosikia wewe. Nililala na hilo na kuamka nalo. Nilipokuwa namchania nywele bibi mmoja kazini, akaniuliza mbona natabasamu, nami nilikuwa namwona Brody akiruka.

Tulipofunguliwa, nilikwenda Seven Hills kwa bosi wako wa kazi ya uchomeleaji. Pikipiki yako alikuwa ameiweka nyuma ya karakana, ameifunika turubai, hakutaka mtu aiguse. Alilia aliponiona. Nikamwambia sikuja kulia, nimekuja kunyoosha fremu. Tuliinyoosha pamoja jioni nyingi, akitumia mtambo uleule uliokuwa unachomelea mageti ya watu. Nguo zako za ngozi nilizipunguza kiunoni na kuongeza nyonga. Kiatu chako cha chuma, kile cha kuburuza kwenye kona, nilikijaza soksi tatu kikanitosha.

Kuendesha ulishanifundisha mwenyewe, zile Jumapili za mazoezi ulipokuwa unanipa mizunguko yako ya mwisho. "Usiiogope inapoteleza, Espe. Kuteleza ndiyo namna yake ya kukata kona." Nilikuwa naendesha kwa kujifurahisha. Safari hii niliendesha mpaka viganja vikatoka malengelenge, na uwanja ulipofungwa nilikaa kwenye treni ya kwenda mjini nikitazama kwenye simu video za zamani za Brody kutoka viwanja vingine, mbio baada ya mbio, kama mtu anayesomea mtihani. Nikajua anavyochelewa kuachia klachi. Nikajua anapozidiwa hukimbilia nje. Namjua Brody anavyoendesha kuliko mama aliyemzaa.

Meneja wetu, mzee Garry, hakunitaka. Alinitazama nikizunguka, akazima saa yake, akasema, "Una kasi. Lakini sichukui mtu anayekuja na hasira."

"Nani kasema nina hasira?"

"Nilikuwapo, Espe."

Ila hakuwa na ujanja. Mipaka ya majimbo ilikuwa bado imefungwa na vijana wetu wawili wa Queensland walikuwa wamekwama kwao. Marudiano ya nusu fainali, yaliyokuwa yameahirishwa tangu siku ile yako, yalipangwa ghafla, na Garry alikuwa na nafasi ya akiba isiyo na mtu. Akaniandika. Nilipoona jina letu kwenye ubao, jina la ukoo, nikaenda nyuma ya lori nikavaa ngozi zako.

Yalikuwa kwetu, mchana, joto la kuchoma. Getini tulionyesha vyeti vya chanjo na kupiga picha kwa simu ile alama ya kujiandikisha ya mlangoni. Brody alikuwa anashusha pikipiki yake. Aliponiona akaja moja kwa moja, uso umejaa huruma, akanitolea kiwiko, ile salamu ya wakati ule. "Pole sana kwa kaka yako," akasema. "Alikuwa mtu mzuri."

Nilikiacha kiwiko chake hewani. Nikakitazama mpaka akakishusha mwenyewe.

Mbio yetu ya kwanza pamoja alinishinda. Alinirushia udongo usoni mizunguko yote minne nikarudi nimepakwa kama ukuta. Wenzake wakacheka kidogo. Sikujali, nilikuwa nimeona nilichotaka kuona: anaendesha vilevile. Mtu amekufa, naye hajabadilisha kitu.

Sisi tulikuwa tumefungwa kwao, kwa hiyo siku ile tulikuwa tunafukuzia pointi mbio hadi mbio. Mick, yule rafiki yako mwenye meno ya bandia, aliendesha kama ana mapepo. Mpaka mbio ya mwisho ikawa hivi: mimi na Mick tumalize wa kwanza na wa pili, tuwatoe kwa pointi moja. Vinginevyo wao ndio wanakwenda fainali. Upande wao, Brody na nahodha Dale.

Garry angeweza kumpanga mtu mwingine. Alinijia akainama karibu na helmeti yangu. "Nikikupanga naye, nitajuta?"

Nikashusha miwani. Akanipanga.

Nilitoka vizuri, Fidele. Kamba za kuanzia zilipopaa nilikuwa nimeshaondoka, ndani, mbele ya wote. Mzunguko wa kwanza, wa pili, sikusikia kitu ila injini yako. Mzunguko wa tatu nikaanza kumsikia yeye. Alikuwa anakuja nje. Njia ndefu, karibu na ukuta, kwenye udongo wako. Tukaingia kwenye mnyoofu wa kuelekea kona ya tatu, mzunguko wa mwisho, na kila kitu kikawa kimekaa kama siku ile, ila nafasi yake nimekaa mimi na nafasi yako amekaa yeye.

Nikageuka.

Niligeuza shingo juu ya bega la kulia nikamtazama. Sikuibia. Nilimtazama kwa utulivu, macho kwa macho kupitia miwani, kama mtu anayemtambua mtu sokoni. Miezi yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa sekunde hiyo. Na sitakudanganya, kaka: mikono yangu ilikuwa imeshakubali.

Ila Brody hakungoja. Alipoona kichwa changu kimegeuka, alifunga mafuta. Pale pale kwenye mnyoofu, kabla hata kona haijaanza, mimi sijasogea hata unene wa tairi. Alifunga mafuta akakaa wima, mguu chini, kama anayejifunza. Mick akampita. Dale akampita. Nilikata ile kona peke yangu, na nje yangu palikuwa patupu hadi ukutani.

Nilimaliza wa kwanza. Mick wa pili. Tukawatoa.

Watu wetu walikuwa wanarukaruka, lakini mimi nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu. Nilikuwa nimenyang'anywa kitu. Nikaegesha pikipiki kwenye banda letu, nikavua helmeti, na hapo Brody akaja. Alikuwa mweupe kama karatasi, ametupa glavu chini, anapiga kelele uwanja mzima unasikia. Refa alikuwa ameshashuka kwa ajili ya kusaini matokeo. Brody akamkamata yeye kwanza.

"Huyu mwanamke alitaka kunitia ukutani! Muondoe!"

Refa akasema, "Hakutoka kwenye mstari wake. Nilikuwa natazama."

"Aligeuka! Aliniangalia!"

"Kuangalia si kosa, Brody."

"Unajua vizuri maana yake!" Alininyooshea kidole. "Mtu hageuki kwenye kona ile kumwangalia aliye nje, ila anataka kumfungia! Hakuna sababu nyingine! Hakuna!"

Sikupaza sauti. Ingekuwa siku nyingine ningepiga ukelele, lakini sauti iliyonitoka ilikuwa ndogo, ya upole, ile tunayofundishwa kutumia kwa wazee waliochanganyikiwa.

"Na wewe ulipogeuka kumwangalia Fidele?"

Fidele, spana zilisimama. Mick alikuwa anakunywa maji akaacha chupa mdomoni. Brody akatazama wenzake mmoja mmoja, na hakuna aliyemtupia neno la kushika. Kisha Dale, nahodha wao, mtu mzima, akasogea mbele. Yeye siku ile alikuwa nyuma yenu. Nadhani alikuwa na shaka yake miezi yote, na alikuwa ameikalia.

"Mjibu dada," akasema.

"Dale..."

"Mjibu."

Na Brody akasema, "Sikudhani angegonga kwa nguvu vile."

Basi. Hayo ndiyo maneno. Nimeyarudia kichwani mpaka yamechujuka, lakini siku ile yaliingia kama maji kwa mtu aliyetembea jangwani. Watu wote walisikia. Refa aliyekuondoa alisikia. Alivua kofia yake akaishika kifuani, akasema, "Mungu wangu," na akarudi kibandani bila kusaini chochote.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Dale na refa walikwenda wenyewe kwa wakuu wa mchezo wakaeleza. Brody alipoitwa hakukana. Amenyang'anywa leseni kwa misimu miwili. Misimu miwili tu, ndiyo, nami niliinuka pale kwenye kikao chao nikawaambia wazi kwamba kaka yangu amepewa zaidi ya hiyo. Lakini lile neno wamelifuta. Hukusababisha. Walitangaza kwa kipaza sauti kabla ya fainali, jina lako lote, wakalitamka vibaya kama kawaida yao, na watu wakasimama.

Fainali yenyewe tulichapwa, na kuchapwa vibaya. Mick anasema kombe lilikuwa linavuja hata hivyo.

Sasa kuhusu Mama. Brody alituma ujumbe kwamba anataka kuja nyumbani. Nilikataa. Mama akasema aje. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba akija asiseme "ajali", asiseme "pole", aseme alichofanya.

Alikuja Jumamosi na baba yake. Tuliwaweka uani, viti mbalimbali. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Unajua Kiingereza cha Mama kinaishia dukani, kwa hiyo ilinibidi nitafsiri mimi, na sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Brody alianza, nami nikawa namfuata sentensi kwa sentensi, na tafsiri ni tafsiri, huwezi kusema "anasema alifanya", unasema kama alivyosema. "Nilimwona anakuja nje. Nilijua atanipita. Niligeuka nikahakikisha yuko wapi. Nikamfungia njia. Nilitaka aogope apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikadanganya." Nilimwambia Mama hayo yote kwa sauti yangu, kwa Kiswahili chetu, nikiwa nimemtazama usoni. Mdomoni mwangu, Fidele. Kwa muda huo mfupi nilikuwa mimi niliyekuua, na Mama alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

Baba yake Brody alikuwa analia. Mama hakulia. Alinyoosha kitenge magotini, akasema polepole ili nisikose neno:

"Mwambie nimemsamehe. Na mwambie asirudi tena hapa."

Nikamwambia. La kwanza nililisema haraka haraka. La pili nililisema taratibu sana.

Walipoondoka, Mama aliingia ndani akapika ugali wa watu wengi, kama tuna wageni kumi. Tulikula wawili. Baadaye akaniuliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Kama asingepunguza mwendo, ungemsukuma?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi ninajua," akaanza kuondoa vyombo. Hajaniambia anajua nini, nami sijathubutu kumuuliza.

Wanasema sasa nipumzike. Garry anasema, hata mchungaji anasema. Wanadhani nimemaliza. Mama yeye amesamehe na najua amesamehe kweli, maana amelala usingizi tangu siku ile, nasikia anavyokoroma. Mimi sijasamehe, na sikukuandikia ili nijifanye nimesamehe.

Kwa hiyo nakuaga, kaka yangu, kwa ahadi hii. Mama nitamtunza, hilo hata sihitaji kuliandika. Nitaendesha msimu huu na unaofuata, nitakuwa na kasi kuliko nilivyo sasa. Na siku Brody atakaporudishiwa leseni yake, uwanja wowote, timu yoyote, atanikuta nimeshafika. Kila atakapopangwa, nitaomba nipangwe naye. Sitamgusa. Sitahitaji kumgusa. Atazeeka akinisikia nyuma ya sikio lake.

Wewe pumzika, Fidele. Mimi bado sijachoka.

Dada yako,
Espe